Habari za Bwana Elton, Aliyepita kwa Miguu Katika Milima Yetu ya Moto

Katika kitabu hiki kidogo cha yubile yametajwa majina ya watu wengi walioijenga dayosisi yetu: wamisionari, wachungaji, waalimu, na wazee wa kanisa. Sasa tunapenda kuwapa wasomaji wetu habari za mtu mmoja ambaye hakuwa mmisionari, wala hakujenga kanisa wala shule, wala hakukaa katika nchi yetu hata mwaka mmoja. Alipita tu kwa miguu, akapanda milima yetu, akashuka upande wa pili, na baada ya siku chache akafa. Mtu huyo ni James Frederic Elton, balozi wa Kiingereza. Wazee wetu waliosoma ramani za zamani walimjua kwa jina, kwa maana uwanda ule wa juu uitwao Kitulo, kati ya Mbeya na Makete, ulikuwa ukiandikwa katika ramani hizo kuwa ni Uwanda wa Elton.

Bwana Elton alizaliwa tarehe 3 Agosti mwaka wa 1840. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la Bengal huko Bara Hindi, naye alikuwamo katika vita vya Delhi na Lucknow. Mwaka wa 1860 alikwenda vitani Uchina, kisha akaacha kazi ya jeshi la Kiingereza. Mwaka wa 1866 alifuatana na jeshi la Wafaransa huko Mexico, akaandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Basi mpaka hapo hatuoni neno la kumfanya akumbukwe na Wakristo wa Mbeya na Iringa. Alikuwa askari kama askari wengine wengi, mwenye kupenda safari na hatari.

Mwaka wa 1868 alifika Natal, katika Afrika ya Kusini, na huko maisha yake yakaanza kugeuka. Mwaka wa 1870 alisafiri kutoka machimbo ya dhahabu ya Tati, akaufuata mto Limpopo mpaka unapoingia baharini. Kisha akatumwa na serikali kazi mbalimbali, mpaka mwaka wa 1873 akafika Unguja, akawekwa kuwa msaidizi wa Daktari Kirk, balozi wa Kiingereza.

Mwaka huo ulikuwa mwaka mkubwa katika nchi zote za Afrika ya Mashariki. Tarehe 5 Juni 1873 Sayidi Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini wafanya biashara hawakuacha kazi yao. Walipozuiwa njia ya bahari, waliwachukua watu kwa njia ya nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, kwa miguu, wakiwa wamefungwa minyororo na makongwa. Bwana Elton alitumwa Mrima. Kazi yake ilikuwa kuwaweka huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Kiingereza. Akatembea kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa, na njiani akakutana na misafara ile uso kwa uso. Akahesabu, akaandika, akapeleka habari: watu zaidi ya 4,000 walipitishwa njia ile ndani ya muda wa mwezi mmoja. Wengi wa watu hao walitoka katika nchi za ziwa Nyasa.

Tunawaomba wasomaji walitafakari jambo hili. Mtu aliyekuwa amezoea vita vya mabara mawili alisimama kando ya njia, akahesabu watu. Hakuweza kuwakomboa wote, wala hakuwa na jeshi. Lakini hesabu ile, pamoja na habari za watu wengine, haikuacha nafasi ya kusema kwamba biashara ile imekwisha. Mwaka wa 1876 Sayidi Barghash akakataza na misafara ya nchi kavu.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1875 Bwana Elton alifanywa balozi huko Msumbiji, katika nchi iliyotawaliwa na Wareno, na huko pia akaendelea kuwafuatia wafanya biashara ya watumwa. Hata hivyo aliona ya kuwa kukaa pwani hakutoshi. Mto hauzibwi mahali unapoingia baharini. Sharti mtu apande mpaka chemchemi yake. Basi mwezi wa Julai 1877 akaondoka kupitia mto Zambezi na mto Shire, apate kuzuru misioni za ziwa Nyasa, kuonana na watawala wa huko, na kutafuta njia ya kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa mpaka Kilwa. Alitumaini kufika Unguja mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba.

Pamoja naye walikuwapo Wazungu wanne. Mmoja wao ni Bwana Cotterill, aliyekuwa mwalimu katika shule ya Harrow huko Uingereza. Wanafunzi wa shule ile walikuwa wamempa mashua, aitumie ziwani katika biashara ya halali iliyo badala ya biashara ya watu. Wakafika Livingstonia, misioni ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka wa 1875 penye rasi ya Maclear, wakazunguka ziwa katika merikebu ya moshi iitwayo Ilala. Kisha wakashuka pwani ya kaskazini, na mbele yao ikasimama milima yetu.

Hapa imetupasa kueleza kidogo habari za milima hiyo, maana wengi wetu tunaishi chini yake bila kuifikiri. Rungwe, Ngozi, na Kyejo si milima ya kawaida. Ni milima ya moto, ndiyo iitwayo volkeno. Nchi ya dunia imepasuka hapa, na mabonde makubwa ya ufa yanakutana, na kwa nyufa hizo moto wa chini umepanda juu mara nyingi. Rungwe, wenye kimo cha meta 2,960 hivi, ulilipuka kwa nguvu nyingi yapata miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga majivu na mawe mepesi yaeleayo majini juu ya nchi yote jirani, hata juu ya Kitulo. Juu ya Ngozi kuna shimo kubwa lenye ziwa ndani yake. Daraja la Mungu lililoko mto Kiwira limefanyika kwa mawe yaliyokuwa yameyeyuka kwa moto. Na Kyejo, ulio mdogo kuliko Rungwe, ulitoa mto wa mawe ya moto ubavuni mwake yapata mwaka wa 1800. Basi watu wazima aliokutana nao Bwana Elton walikuwa wajukuu wa watu walioishi siku zile. Wataalamu hawasemi kwamba milima hii imekufa, wanasema imelala. Chemchemi za maji ya moto zinabubujika mpaka leo, na hewa ukaa, ile itiwayo katika soda, inatoka ardhini karibu na Kyejo. Tena matetemeko hutukumbusha mara kwa mara.

Lakini moto ule ule umekuwa baraka. Majivu yake ndiyo udongo mweusi unaozaa ndizi, kahawa, chai, na viazi vyetu. Milima huyazuia mawingu ya ziwa, na upande wa kusini mvua hupita milimita 2,500 kwa mwaka. Ndiyo sababu wageni wa kwanza walipofika walistaajabu kuona migomba isiyo na mwisho, nyumba safi za Wanyakyusa, na makundi ya ng'ombe.

Kwa njia ya nchi hiyo Bwana Elton na wenzake walipanda, katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 1877. Mtu yeyote aliyepanda kwa miguu kutoka tambarare ya Kyela mpaka juu anajua safari ile ni ya namna gani. Chini kuna joto na hewa nzito. Baada ya migomba inakuja miteremko ya utelezi na mito yenye kelele katika makorongo. Baada ya makorongo ni msitu wa mianzi na ukungu, ambamo mtu haoni mwenzake aliye hatua chache mbele. Kisha ghafula miti inakwisha, na msafiri anasimama juu ya nyika ya majani, yenye upepo wa baridi na maua yasiyohesabika, kwa kimo cha meta 2,600 hivi. Mahali hapo watu wetu hupaita Bustani ya Mungu. Ndipo palipopewa jina la Elton na watu waliochora ramani baada yake.

Siku hizi wako watu wanaopanda Rungwe na Ngozi kwa kujifurahisha, wamebeba mfuko mgongoni wenye chakula na blanketi, nao hurudi nyumbani jioni au kesho yake. Safari ya mwaka wa 1877 haikuwa hivyo. Mizigo ya nguo, chakula, na hema ilichukuliwa na wapagazi kichwani na mabegani, na mpagazi akikimbia au akiugua, mzigo hubaki njiani. Wapagazi ndio waliopanda mlima kweli kweli. Jina la bwana wao liliandikwa katika ramani, lakini majina yao hayakuandikwa humo. Sisi katika yubile hii tunawakumbuka pamoja naye, kwa kuwa Mungu anayajua majina yao.

Walipovuka milima na kushuka Usangu, taabu iliongezeka. Wasangu chini ya mtawala wao Merere walikuwa vitani na Wahehe, ambao mtawala wao siku zile alikuwa Munyigumba, baba yake Mkwawa. Nchi yote kutoka Usangu mpaka Iringa ilikuwa na hofu. Njia ya kwenda Kilwa ikafungwa kwa vita, na wapagazi wakapungua. Bwana Elton hakuwa na la kufanya ila kuliacha shauri lake la kwanza na kugeukia kaskazini, apate kuifikia njia kuu ya misafara inayotoka Unyanyembe kwenda pwani. Wakaenda kwa shida, katika jua kali la nchi kavu, baada ya baridi ya milimani.

Wakafika Usekhe, katika Ugogo. Hapo homa ilimshika Bwana Elton, mwili wake ukiwa umekwisha kuchoka kwa njaa, jua, na mwendo. Akafa mwezi wa Desemba 1877, naye alikuwa mtu wa miaka 37. Wenzake wanne wakamzika chini ya mbuyu mkubwa unaotazama tambarare, wakasimamisha msalaba wa mti, wakachonga herufi za kwanza za jina lake katika gome la mbuyu. Kisha wakaendelea na safari mpaka pwani. Bwana Cotterill alizitunza karatasi zake, akazitengeneza kuwa kitabu, kikapigwa chapa London mwaka wa 1879.

Huenda msomaji atauliza: mtu huyu alifanikiwa katika neno gani? Njia ya Kilwa hakuiona. Unguja hakurudi. Biashara ya watumwa ilikuwa ingali hai alipokufa. Tena alikuwa mtumishi wa serikali ya kigeni, na baada ya wasafiri wa namna hiyo zilikuja bendera na utawala, na pamoja nao vita na kodi ambazo babu zetu waliziona kwa uchungu. Hayo yote ni kweli, wala hatupendi kuyaficha katika kitabu cha kanisa.

Lakini sisi tunalitazama jambo hili hivi. Musa alipanda mlima Nebo, akaiona nchi, asiingie. Na wala hatusemi kwamba kazi yake ilikuwa bure. Bwana Elton aliacha kazi ya silaha, akashika kazi ya kuhesabu na kushuhudia, na kwa ajili ya kazi hiyo akaifuata njia ya mateka kwa miguu yake mwenyewe mpaka katika nchi walikotoka. Miaka 14 baadaye, mwaka wa 1891, wamisionari wa Moravian na wa Berlin wakaja kwa njia ile ile ya Zambezi, Shire, na Nyasa, wakajenga chini ya Rungwe na Kyejo. Walikuja katika nchi ambayo habari zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Leo Uwanda wa Elton hauitwi tena hivyo. Tangu mwaka wa 2005 ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kwa jina la nchi yenyewe, nasi twaona ni vema. Jina la mgeni limeondoka, na jina la nyumbani limerudi. Mtu aliyepigania watu warudishwe kwao hana hasara kwa jambo hilo.

Kwa hiyo tunawasihi waalimu wa shule zetu: mnapowapeleka watoto kuona ziwa la Ngozi au maua ya Kitulo, ondokeni asubuhi na mapema kabla ya mvua, chukueni mtu anayeijua njia, wala msimwache mtoto nyuma katika ukungu. Na mkifika juu, mpumzike kidogo. Waonyesheni watoto udongo uliotoka katika moto, na upande wa mashariki waonyesheni njia ya Kilwa, ambayo watu wa nchi hii walipelekwa wakiwa wamefungwa. Kisha waambieni kwamba sasa wanashuka mlima wakiwa huru, nao wakumbuke ya kuwa uhuru huo ulitafutwa na watu wengi, wengine wenye majina katika vitabu, na wengine wasio na jina ila mbele za Mungu.