Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MTOTO wa umri wa miaka 5 hivi, aliyefikishwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala mwaka 1957 akiwa amevimba taya pande zote, ndiye aliyebadili maisha ya daktari mmoja wa upasuaji na, kwa kupitia kwake, elimu ya dunia kuhusu saratani.

Daktari huyo alikuwa Denis Parsons Burkitt. Ugonjwa alioufuatilia unaitwa kwa jina lake hadi leo, na ukanda wake unaigusa Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga, pamoja na machimbo ya dhahabu ya Geita.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, aliyekuwa mhandisi, alitumia saa zake za mapumziko kuwavisha ndege pete miguuni na kuchora ramani ya makazi yao. Mwana aliirithi tabia hiyo ya kuuliza kila kitu kiko wapi, ingawa alibaki na jicho moja tu. La kulia alilipoteza kwa ajali akiwa na umri wa miaka 11.

Alianza na uhandisi katika Chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 akapangiwa kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, na miaka miwili baadaye akahamishiwa Mulago.

Wiki chache baada ya kumwona yule mtoto, Burkitt alikuwa Jinja. Akitazama nje kupitia dirisha la hospitali, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Alipompima alimkuta na uvimbe tumboni pia. Aliporejea Kampala alifukua majalada ya wagonjwa, akatambua kwamba uvimbe uliokuwa ukipewa majina mbalimbali ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akautangaza katika jarida la upasuaji la Uingereza.

Bila fedha nyingi, alisambaza takriban karatasi 1,000 zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza swali moja: je, mmewahi kuuona uvimbe huu? Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walianza safari ya wiki 10 hadi Afrika Kusini kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri kilomita zipatazo 16,000.

Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto, mvua na mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta, haukuonekana kwa urahisi juu ya mita 1,500. Ibadakuli, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, imo ndani ya mpaka huo. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, wagonjwa walikuwa nadra. Hapo ndipo malaria ilipoanza kushukiwa.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokikuta humo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa upande wa tiba, kisu kilikuwa kimeshindwa, na mashine za mionzi hazikuwapo. Burkitt akageukia dawa, ikiwamo metotreksati, inayozinyima seli uwezo wa kutumia asidi ya foliki, ambayo haziwezi kugawanyika bila hiyo. Uvimbe huo ni miongoni mwa zinazokua haraka kuliko zote mwilini. Kwa hiyo njaa hiyo iliuumiza upesi. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, jambo lililokuwa geni kwa saratani ya wakati ule. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba jeni iitwayo myc, inapoamka pasipo utaratibu, ndiyo inayozisukuma seli hizo kula sukari kwa pupa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akatumia miaka yake iliyosalia kuwahimiza walaji wa nchi tajiri warudie vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Fundisho lake kwa mzazi wa Kanda ya Ziwa lingali hai. Taya la mtoto linapovimba na meno kulegea, huenda si jino bovu. Ugonjwa huu hutibika, lakini hukua kwa siku, si kwa miezi. Anayechelewa kumfikisha mtoto hospitali hupoteza nafasi ambayo Burkitt aliitafuta kwa kilomita 16,000.