Carl Akeley, Mwindaji Aliyetafuta Kuona Vizuri



Kule Marekani kuna mnyama anaitwa coyote, ndugu ya mbweha. Usiku anakamata kondoo na kuku, na wawindaji wanamfuata gizani wakiwa na darubini za namna mbili. Ya kwanza inakusanya mwanga kidogo wa nyota na mwezi na kuuongeza. Ya pili haihitaji mwanga hata kidogo: inapokea joto linalotoka mwilini mwa mnyama. Bei zake ni kali, zaidi ile ya joto. Wenzetu wanaopenda fizikia wanauliza: mtu wa pesa kidogo achague namna gani? Sisi tunaona kwamba jibu liko karibu, ku mlima Mikeno, fasi alipozikwa Carl Akeley. Tusikie kwanza maisha yake.

Akeley alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 5 mwaka wa 1864, Clarendon, katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tangu ujana alipenda kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili waonekane kama wazima. Alifanya kazi hiyo katika nyumba za makumbusho za Milwaukee, Chicago na mwishowe New York. Wengine walijaza ngozi kwa majani makavu tu. Yeye alichunguza mifupa na misuli, akamweka mnyama kati ya majani na mawe ya kwao. Kwa sababu hiyo alitaka kuwaona wanyama wakiwa hai.

Mwaka wa 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, katika nchi ya Wasomali. Siku moja jua likizama aliona kivuli kichakani. Hakujua ni nini. Akapiga risasi. Kumbe alikuwa chui! Chui aliyejeruhiwa akamrukia na kumuuma mkono. Risasi hazikumsaidia tena. Akeley akamsukumia mkono ndani ya kinywa, akamkaba koo, akamkandamiza kifua kwa magoti mpaka chui akafa. Watu wengi wanasimulia habari hii ili kusifu nguvu zake. Sisi tunaona ndani yake kosa moja kubwa: alipiga kitu ambacho hakukitambua. Alikuwa na bunduki, lakini macho yake hayakutosha kwa giza lile.

Katika safari ya 1909 mpaka 1911 alirudi Afrika ya Mashariki pamoja na bibi yake Delia. Mwaka wa 1910, ku mlima Kenya, tembo alimkandamiza hata wabeba mizigo wakadhani amekufa. Delia njo aliyekwenda kumtafuta mlimani na kumwokoa. Katika safari ileile Akeley alitaka kupiga sinema ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Alishindwa. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na za kugeuka polepole. Simba akikimbia huku, kamera ingali inatazama kule.

Wengine wangetafuta kamera ya bei kubwa zaidi. Akeley alijiuliza kwanza: mimi ninataka kuona nini, kwa umbali gani, na katika mwanga gani? Halafu akatengeneza kamera yake mwenyewe, akapata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1915. Ilikuwa ya mviringo. Mkono mmoja uliweza kuigeuza juu, chini na pembeni bila kutikisika. Ilikuwa na lenzi mbili zilizo sawa, moja ya kupiga picha na moja ya kutazamia, na mtu aliweza kubadili lenzi upesi ili avute kitu cha mbali. Tena ilipitisha mwanga mwingi kuliko kamera nyingine, jambo la maana sana mu pori lenye kivuli. Jeshi la Marekani liliitumia katika vita ya kwanza ya dunia, na Robert Flaherty alipiga nayo sinema yake ya Nanook kule kwenye barafu ya kaskazini.

Mwaka wa 1921 Akeley alileta kamera hiyo huku kwetu Kivu. Alikuja na bunduki pia, juu ya kutafuta gorila, ambao wazee wanawaita ngagi, kwa makumbusho ya New York. Kikundi chake kiliua watano. Lakini siku zile pia aligeuza kamera na kupiga sinema ya kwanza ya gorila wakiwa hai katika pori lao. Alipowatazama vizuri hakuona yale mazimwi yaliyosimuliwa Ulaya. Aliona jamaa wanaokula majani kwa utulivu, mama na watoto wao. Alipotazama uso wa mmoja aliyeuawa, ilimbidi ajikaze sana asijione muuaji.

Kutoka hapo alibadilika. Aliomba nchi ile ilindwe, na mfalme Albert wa Ubelgiji alikubali. Tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka wa 1925 parki ya Albert iliundwa, nayo ndiyo parki ya Virunga ya leo. Tusifiche kwamba sheria ile ilikuwa ya wakoloni, na wenyeji walikatazwa mashamba na kuni bila kuulizwa. Ugomvi huo haujaisha. Lakini gorila nao hawakuisha: hesabu iliyotangazwa mwaka wa 2018 ilionyesha 604 katika milima ya Virunga.

Mwaka wa 1926 Akeley alirudi na bibi yake wa pili, Mary Jobe. Alipanda mlima akiwa mgonjwa, akafa tarehe 17 mwezi wa 11 ku Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, karibu na fasi alipoona gorila mara ya kwanza. Kaburi yake ilichimbwa palepale.

Sasa turudi ku swali la darubini. Wauzaji wanaandika namba kubwa za umbali. Mara nyingi umbali huo ni wa kuona tu kwamba kuna kitu chenye joto, si wa kujua ni kitu gani. Doa jeupe gizani linaweza kuwa mbweha, mbuzi wa jirani, au mtoto aliyetumwa maji. Ukungu na mvua vinapunguza nguvu ya chombo hicho, na majani mengi yanaficha joto. Basi mwenye pesa kidogo asinunue umbali asioutumia. Anunue picha iliyo wazi kwa umbali wake wa kweli. Tena anunue kwanza kile cha kushika mkononi, si cha kufunga juu ya bunduki. Mwenye kutafuta kwa darubini ya bunduki anaelekeza bunduki kwa kila kitu kabla ya kukijua.

Tukumbuke Isaka katika kitabu cha Mwanzo. Macho yake yalikuwa yamefifia. Alipapasa mikono yenye manyoya, akafikiri ni Esau mwindaji, kumbe ni Yakobo. Alama moja haikutosha. Vilevile joto peke yake halitoshi.

Wanafunzi wenzetu, siku mawingu yakiondoka Mikeno unaonekana vizuri toka Goma. Tukiutazama, tukumbuke mtu aliyepiga kivuli akakutana na chui, na ambaye miaka 25 baadaye alitazama vizuri akaanza kulinda. Hata sisi tunaosikia neno baya juu ya mwenzetu, tusimhukumu kwa kivuli. Tumtambue kwanza.