Chipembele wa Shiwa Ngandu: alipima mpaka wetu, akaacha nyumba

Wasomaji wetu wengi hapa Likasi wako na ndugu ngambo ya mpaka, ku Ndola, ku Kitwe ao ku Luanshya. Wanauvuka mpaka ule kwa kilio na kwa ndoa, lakini ni wachache wanaojua majina ya watu walioupima. Mmoja wao ni Stewart Gore-Browne, afisa wa jeshi la Uingereza. Tunaleta habari zake leo juu ya nyumba aliyoijenga: ingali imesimama, na wajukuu wake wanapokea wageni ndani yake kama hoteli.

Alizaliwa London mwaka 1883. Toka 1911 hadi 1914 alikuwa mu komisyo ya Waingereza na Wabelgiji iliyotembea porini kuweka alama kati ya Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, ile inchi tunayoiita leo Zambia. Kazi ilipokwisha, akafika ku ziwa moja mu inchi ya Wabemba, Shiwa Ngandu. Kwa Kibemba, ng'andu ni mamba, na njo jina la ukoo wa wafalme wao. Pale pakamuingia moyoni. Vita ikamrudisha Ulaya. Ilipokwisha akarudi mu 1920, sasa luteni-kanali, akanunua shamba pembeni ya ziwa.

Gare ya karibu ilikuwa Ndola, ku njia ileile ya treni iliyofika Elisabethville mu 1910. Toka pale hata ziwani ilikuwa safari ya majuma: mizigo ilipita mu mitumbwi na ku vichwa vya wapagazi. Matofari na vigae vilichomwa palepale, kwa udongo wa pale. Pole pole ikasimama nyumba ya ghorofa yenye mnara, maktaba na kanisa ndogo. Pembeni yake kukawa masomo, lopitali, posta na nyumba za wafanyakazi. Wenye kukomalia mu kambi za Union Minière wataijua picha hiyo mara moja: bwana mmoja, na maisha ya watu wote iko mu mukono yake.

Franga nyingi zilitoka kwa shangazi yake wa Uingereza, Ethel Locke King. Shamba lilitoa mafuta ya manukato kutoka miti ya machungwa na malimau, hata ugonjwa ulipoingia ukaiua miti ile.

Wabemba walimwita Chipembele, ni kusema kifaru, juu ya hasira yake, na wafanyakazi waliionja. Lakini mtu yuleyule, mu 1935, aliingia mu Baraza la Sheria la koloni. Mwaka ule polisi waliua wachimbaji 6 mu mgomo wa Luanshya. Mu 1940, ku Nkana, wakafa 17. Toka 1938 hadi 1951, njo yeye aliyewekwa kusema kwa ajili ya Waafrika mu baraza, juu wenyewe hawakuwa na kiti ndani hata 1948. Alipinga ubaguzi wa rangi. Ila mu mwaka ule wa 1948 akaomba wajumbe wasio wa serikali wapewe nguvu zaidi, na wengi wao walikuwa walowezi. Waafrika wengi wakaacha kumwamini. Nyuma akaingia mu UNIP, chama cha Kenneth Kaunda, akasimama mu uchaguzi wa 1962, akashindwa. Alipokufa mu 1967, Zambia huru ilimzika kwa heshima ya taifa, na Kaunda mwenyewe, akiwa prezida, alikuwako.

Kisha nyumba ikabaki kwa binti yake na mume wake. Mu 1992 wote wawili wakauawa. Bila mutu wa kuitunza, nyumba ikaanza kuharibika, na wengi waliona imekwisha. Kumbe mjukuu mmoja akarudi na bibi yake na watoto, wakatengeneza paa na vyumba, wakafungua mlango kwa wageni wenye kulipa. Mjukuu mwingine anapokea wageni karibu na pale, Kapishya, penye maji ya moto yanayotoka mu udongo.

Hatuandiki haya kumsifu mzungu. Watu waliochoma matofari yale na kubeba mizigo yale, majina yao hayako ku mlango, na bila wao hakuna nyumba. Tunaandika juu ya Likasi. Mu muji yetu kuko nyumba nyingi za matofari ambazo baba zetu walizipata kwa jasho ya mukini. Mzee akikufa, watoto wanagombana, nyumba inauzwa, franga zinagawanywa, na kisha mwaka mmoja hakuna nyumba wala franga. Ku Shiwa, familia iliyopata msiba mukubwa kuliko huo ilikubali mmoja wao arudi, na wengine wakamwachia kazi. Familia zenye kukaa ku matanga leo zijiulize, mbele ya kumwita mnunuzi: nani kati yetu anaweza kubaki mu nyumba hii na kuifanyisha kazi?