James Harrison: Mhariri aliyetaka kuvusha nyama bahari kwa barafu

MAPARACHICHI ya Murang'a yanayopakiwa katika makontena ya baridi bandarini Mombasa hukaa baharini majuma kadhaa kabla ya kufika Ulaya, na hufika yakiwa yangali mabichi. Mtambo unaohifadhi baridi ndani ya kontena hilo, sawa na ule ulio nyuma ya jokofu la nyumbani, hufanya kazi kwa kanuni ambayo miongoni mwa watu wa kwanza kuigeuza kuwa biashara hakuwa mhandisi wala mfanyabiashara wa chakula. Alikuwa mhariri wa gazeti.

James Harrison alizaliwa Aprili 17, 1816 katika kijiji cha Bonhill, Scotland, mtoto wa mvuvi. Alijifunza uchapishaji mjini Glasgow, na nyakati za jioni akahudhuria masomo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mafundi na vibarua, ambako alivutiwa zaidi na kemia. Mnamo 1837 alisafiri hadi Sydney, Australia, akiwa na kazi ya kusimamisha mtambo wa kuchapisha. Miaka miwili baadaye alihamia Melbourne, akaajiriwa na mwenye gazeti John Pascoe Fawkner, kwanza kama mpangaji wa herufi, kisha kama mhariri.

Fawkner alikuwa na mtambo mkuukuu wa kuchapisha. Mtambo huo ndio uliopelekwa Geelong, mji wa bandari ulio kusini-magharibi mwa Melbourne, na Novemba 1840 toleo la kwanza la Geelong Advertiser likatoka. Kufikia 1842 gazeti lilikuwa mali ya Harrison. Lingali likichapishwa hadi leo.

Kalamu yake ilikuwa kali, na wakati mwingine ilimgharimu. Katika miaka ya 1850 aliandika kwamba kiongozi wa mashtaka wa serikali alikuwa mlevi mahakamani. Akashtakiwa kwa kumharibia mtu jina, akashindwa, na kutozwa fidia nzito. Hilo halikumzuia kuingia siasa. Alikuwa diwani wa baraza la kwanza la mji wa Geelong mnamo 1850, kisha mbunge wa koloni la Victoria, akitetea ushuru wa kulinda viwanda vya nyumbani.

Lakini jambo lililomkosesha usingizi lilianzia penye wino. Wachapishaji wa enzi hizo walisafisha herufi za risasi kwa etha, kimiminiko kinachokauka upesi mno. Husimuliwa kuwa Harrison alitambua kwamba kila etha ilipogeuka mvuke, chuma kilibaki baridi mkononi. Mtu mwingine angepangusa mikono na kuendelea na kazi. Yeye alijiuliza itakuwaje mvuke ule ukivutwa kwa pampu, ukashindiliwa hadi ukawa kimiminiko tena, kisha ukaachiwa upya, mara baada ya mara, bila kupotea.

Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa. Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alikuwa amelipatia hataza mnamo 1834, ila halikuzaa biashara yoyote. Harrison alianza majaribio yake mnamo 1851 mahali paitwapo Rocky Point, kando ya Mto Barwon, na kufikia katikati ya mwongo huo alikuwa na mtambo uliosukumwa kwa injini ya mvuke, wenye uwezo wa kutoa takriban tani tatu za barafu kwa siku. Mnamo 1856 alikwenda London kusajili hataza. Huko kampuni ya Siebe, iliyosifika kwa kutengeneza mavazi ya wapiga mbizi, ikaanza kuunda mitambo yake. Watengenezaji wa bia walikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo, kwani bia haiiviki vyema penye joto.

Barafu, hata hivyo, haikumtajirisha. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakikata barafu katika maziwa ya New England wakati wa baridi kali, wakaifunika kwa vumbi la mbao na kuisafirisha hadi India na Australia. Ajabu ni kwamba barafu hiyo, iliyozunguka nusu ya dunia, ilishindana sokoni na ile iliyotengenezwa papo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Harrison alifilisika na kuliuza gazeti lake. Alirudia uandishi wa kuajiriwa, na baadaye akawa mhariri wa The Age, gazeti kubwa la Melbourne.

Wakati huo Australia ilikuwa na kondoo kupita mahitaji ya watu wake. Miaka mingi wafugaji walikuwa wakichinja wanyama na kuwatokosa ili wapate shahamu ya kutengenezea mishumaa na sabuni, nyama yenyewe ikiwa haina bei. Uingereza, kwa upande wake, wafanyakazi wa viwandani walikula nyama kwa nadra kwa sababu ya ughali. Kilichozitenganisha pande hizo mbili ni bahari na joto la ikweta. Harrison aliamini kwamba baridi ingeweza kuziba pengo hilo, na mnamo 1873 alitunukiwa medali ya dhahabu katika maonyesho ya Melbourne baada ya kuthibitisha kuwa nyama iliyogandishwa kwa miezi kadhaa bado iliweza kulika.

Wafadhili wakajitokeza. Julai mwaka huo huo jahazi la matanga lililoitwa Norfolk liling'oa nanga kuelekea London likiwa na tani 20 za nyama ya kondoo na ng'ombe.

Ni hapa ambapo maisha ya Harrison yanatatiza. Mtu aliyebuni mtambo wa kutengeneza baridi hakuupakia mtambo melini. Nyama iligandishwa nchi kavu, na melini ikategemea barafu na maji ya chumvi yaliyohifadhiwa katika matangi. Kwa nadharia, mpango huo ulikuwa rahisi kuliko kufunga injini ya mvuke katika jahazi la matanga. Kwa vitendo, ulimaanisha kwamba baridi ilikuwa na kipimo: ikiisha imekwisha, na katikati ya bahari hakuna wa kuiongeza. Matangi yakavuja, barafu ikayeyuka upesi kuliko ilivyokadiriwa, na meli ilipofika London nyama haikufaa kuliwa. Harrison alipoteza fedha na jina kwa pigo moja.

Waliomfuata hawakurudia kosa hilo. Mnamo 1876 Mfaransa Charles Tellier alifunga mitambo ya baridi ndani ya meli yenyewe, Le Frigorifique, iliyosafiri kutoka Rouen hadi Buenos Aires, Argentina. Mwaka huo huo Thomas Mort wa Sydney alijaribu kutumia amonia katika meli ya Northam. Mabomba yakavuja kabla ya safari na shehena ikateremshwa. Februari 1880 meli ya Strathleven ilifika London kutoka Australia na takriban tani 40 za nyama iliyo salama. Miaka miwili baadaye Dunedin, jahazi la matanga kama Norfolk lakini lenye mtambo wa baridi na injini ya mvuke ya kuuendesha, lilibeba mizoga ipatayo 5,000 kutoka New Zealand. Ulikuwa mwanzo wa uchumi ambao nchi hiyo imeutegemea kwa vizazi.

Baada ya masaibu ya Norfolk, Harrison aliishi Uingereza kwa takriban miongo miwili akiandika makala za sayansi. Alirejea Geelong mnamo 1892, mzee asiye na mali. Kufikia wakati huo meli za nyama zilikuwa zikivuka ikweta kila mara, na hakupata hata senti moja kutokana nazo. Alifariki Septemba 3, 1893 huko Point Henry, nje kidogo ya mji aliouanzishia gazeti, akiwa na umri wa miaka 77. Daraja moja juu ya Mto Barwon limepewa jina lake, na wahandisi wa mitambo ya baridi wa Australia hutoa medali yenye jina hilo hilo.