MAISHA YA ANDRÉS ESCOBAR, MUUNGWANA WA TERENI (1967-1994)



Mara hii, katika ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri, tumechagua muchezaji wa mupira. Tunajua wengi watafurahi. Lakini hatukuchagua mufungaji wa magoli, yule ambaye watoto wote wanapiga kelele za jina lake. Tumechagua mutu wa defansi, na tena mutu ambaye dunia yote inamukumbuka juu ya kosa moja tu. Tunaona kwamba hesabu hiyo si ya haki. Ndiyo maana tunataka kusimulia maisha yake yote, tangu mwanzo, kusudi kila musomaji apime mwenyewe.

1. Utoto na masomo

Andrés Escobar alizaliwa tarehe 13 Machi 1967 katika Medellín, muji wa pili kwa ukubwa katika inchi ya Kolombia, kule Amerika ya Kusini. Muji ule uko katika bonde, milima imeuzunguka pande zote. Baba yake alikuwa mutu wa kazi ya banki. Aliona namna vijana wa muji walivyokuwa wakizurura njiani na kuingia katika mambo mabaya, naye akaanzisha chama cha kuwapa nafasi ya kucheza mupira. Kaka yake Andrés, jina lake Santiago, alikuwa vilevile muchezaji, na kisha akawa mufundishaji wa ekipi.

Andrés alicheza kwanza katika ekipi za shule, sawa vile wengi wetu tunavyocheza hapa. Hakuacha masomo juu ya mupira. Alimaliza sekondari kwanza, kisha akafanya mupira kuwa kazi yake.

Inafaa tuseme jambo moja mapema, sababu watu wanachanganya. Katika Medellín ya siku zile kulikuwa mutu mwingine mwenye jina la Escobar, ndiye Pablo Escobar, mukubwa wa wauzaji wa madawa ya kulevya, aliyeuawa mwaka 1993. Wale wawili hawakuwa ndugu hata kidogo. Lakini muji ulikuwa mumoja. Feza za madawa ziliingia katika ekipi nyingi za Kolombia, na watu wa feza zile walikuwa wakicheza kamari juu ya mechi. Mwaka 1989 arbitri mumoja aliuawa kwa masasi katika Medellín, na shampiona ya mwaka ule ikafutwa yote. Ndiyo inchi ambamo Andrés alifanya kazi yake.

2. Namna alivyocheza

Alikuwa kijana bado alipoingia katika Atlético Nacional, ekipi kubwa ya Medellín. Mufundishaji wake alikuwa Francisco Maturana, mutu aliyesomea kazi ya muganga wa meno, na ambaye zamani alicheza mwenyewe katika defansi. Maturana hakupenda muchezaji wa nyuma apige mupira mbali kwa woga tu. Alitaka aupokee vizuri, atazame, kisha ampe mwenzake aliye karibu. Kazi ya kujenga mashambulio ilianza kule kule nyuma.

Andrés alifaa sana kwa kazi hiyo. Hakuwa mutu wa nguvu nyingi na makelele. Alivaa namba 2, alisimama mahali panapofaa kabla mupira haujafika, na mara nyingi aliunyangʼanya bila kumugusa mwenye nao. Wachezaji wengine wa nyuma wanajulikana kwa kuvunja miguu ya watu. Yeye alijulikana kwa kucheza kwa usafi. Hii ndiyo sababu watu wa kwao walimuita Muungwana.

Mwaka 1988 aliitwa katika ekipi ya taifa. Mwezi wa Mei mwaka ule Kolombia ilikwenda kucheza na Uingereza katika Wembley, uwanja mashuhuri wa London. Waingereza walitangulia kufunga. Kisha mupira wa kona ukaja, Andrés akapanda juu na kuupiga kwa kichwa, goli! Mechi ikaisha 1-1. Alicheza karibu mara 50 kwa ajili ya inchi yake, na goli lile la Wembley ndilo goli moja tu alilowafungia.

3. Miaka ya furaha

Mwaka 1989 Nacional ilifika kwenye mechi za mwisho za Copa Libertadores, kikombe cha ekipi bora za Amerika ya Kusini. Walikutana na Olimpia ya Paraguay. Kule Paraguay walishindwa 2-0. Mechi ya pili ilichezwa Bogotá, nao wakashinda 2-0. Basi ikabidi penalti. Andrés alikuwa kati ya wale waliokubali kupiga, naye akafunga. Nacional ikashinda 5-4. Tangu zamani hakuna ekipi ya Kolombia iliyokuwa imepata kikombe kile. Mwisho wa mwaka huo walikwenda Tokyo kucheza na Milan ya Italia, na wakashindwa goli moja tu, katika dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza.

Andrés alipitia pia Uswisi, katika ekipi ya Young Boys ya muji wa Bern, lakini kwa muda mufupi. Alirudi kwao, na mwaka 1991 Nacional ikawa bingwa wa Kolombia.

Katikati ya hayo ilikuwa Kikombe cha Dunia cha mwaka 1990, katika Italia. Hapa sisi Waafrika tunakuwa na habari yetu. Kolombia ilitoka sare 1-1 na Ujerumani ya Magharibi, ambayo mwishoni ilipata kikombe. Kisha, tarehe 23 Juni, katika Naples, ikakutana na Kameruni. Wazazi wetu wanakumbuka mechi ile. Katika muda wa nyongeza Roger Milla alifunga goli la kwanza. Nyuma ya dakika chache, kipa wa Kolombia, René Higuita, alitoka mbali sana na goli lake na mupira kwenye miguu. Milla akamunyangʼanya, akakimbia, akaufunga ndani ya goli tupu. Kameruni ikashinda 2-1, na Afrika yote ikacheza ngoma.

Tunaomba musisahau kosa lile la Higuita. Lilikuwa kubwa, mbele ya macho ya dunia yote, na liliwatoa Wakolombia katika Kikombe cha Dunia. Lakini Higuita alirudi kwao akiwa muzima, na watu waliendelea kumupenda.

4. Tarehe 22 Juni 1994

Miaka mitatu nyuma ya pale, yaani tarehe 5 Septemba 1993, Kolombia ilikwenda Buenos Aires na kuishinda Ajentina 5-0. Andrés hakucheza siku ile. Katika Kolombia furaha ilipita kiasi, hata watu wengi wakafa katika vurugu za usiku ule. Tangu hapo kila mutu alisema Kolombia inaweza kuchukua Kikombe cha Dunia cha 1994 katika Marekani. Na wenye kamari waliweka feza nyingi.

Mambo yalianza vibaya. Tarehe 18 Juni Rumania iliwashinda 3-1. Mbele ya mechi ya pili vitisho vya kuua vilifika mupaka kwenye hoteli yao. Vilimulenga mufundishaji Maturana na muchezaji mumoja wa katikati, Gabriel Gómez, na Gómez akawekwa kando. Wengine waliingia kwenye tereni na mioyo mizito. Fikirini, ndugu: mutu ataweza namna gani kucheza mupira muzuri wakati anafikiri juu ya watoto wake nyumbani?

Mechi ilikuwa na Marekani, katika Pasadena karibu na Los Angeles, mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000. Katika dakika ya 35 Mumarekani John Harkes alipiga mupira kutoka upande wa kushoto, ukapita chini kuelekea katikati. Nyuma ya Andrés kulikuwa Mumarekani mwingine aliyeungojea. Wale wanaocheza nyuma wanajua: hapo hakuna nafasi ya kuwaza. Ukiuacha upite, adui atafunga. Ukinyosha muguu, labda utautoa inje. Andrés alijitupa chini na kunyosha muguu. Kipa alikuwa amekwisha kuelekea upande mwingine. Mupira ukaingia ndani ya goli lao wenyewe. Andrés akalala chini kidogo, mikono juu ya kichwa, kisha akasimama na kuendelea kucheza.

Marekani ilishinda 2-1. Siku ine nyuma yake Kolombia iliishinda Uswisi 2-0, na Andrés alikuwa kwenye tereni, lakini haikusaidia kitu. Walikuwa wa mwisho katika kundi lao, wakarudi nyumbani.

5. Kurudi na kufa

Hapa ndipo tunamuona mutu mwenyewe. Angaliweza kubaki Marekani ao kwenda mahali pengine mupaka hasira za watu zipoe. Hakufanya hivyo. Alirudi Medellín. Kabla ya siku zake za mwisho aliandika katika gazeti kubwa la Kolombia, El Tiempo. Hakumulaumu mwenzake, wala arbitri, wala kipa. Aliwaambia watu kwamba ni uchungu, lakini maisha hayaishii pale, na kwamba inafaa watu waendelee kuheshimiana. Alikuwa na muchumba, na harusi ilikuwa karibu.

Usiku wa tarehe 1 kuamukia 2 Julai 1994 alitoka kidogo pamoja na rafiki. Rafiki wengine walikuwa wamemushauri abaki nyumbani, lakini yeye aliona hana sababu ya kujificha kati ya watu wake. Katika baa watu walianza kumuchokoza juu ya goli lile. Maneno yaliendelea inje, mahali motokari zinaposimama. Andrés alikuwa ndani ya motokari yake akijaribu kuwaeleza kwamba haikuwa kusudi. Mutu mumoja akatoa bastola akamupiga masasi sita. Alifia hospitali, umri wake miaka 27. Tokea siku ya goli zilikuwa zimepita siku kumi tu.

Muuaji alikuwa dereva wa ndugu wawili matajiri waliokuwa pale kwenye ugomvi. Alikamatwa na akakubali. Tribinali ikamuhukumu kifungo cha miaka 43, kisha ikapunguzwa kuwa 26, na mwaka 2005 akatoka, nyuma ya miaka 11 hivi. Wengi walisema mauaji yale yalitokana na feza za kamari zilizopotea. Wengine walisema ni ulevi na kiburi cha watu waliozoea kuua. Wakati wa maziko zaidi ya watu 100,000 walikuja kumuaga. Katika muji wake kuna sanamu yake, na watu wa Nacional wanaendelea kubeba picha yake kwenye uwanja.

6. Tupime sasa

Tumesimulia makosa mawili. Mwaka 1990 Higuita alikosa, na 1994 Andrés alikosa. Tukipima kwa akili ya mupira, kosa la Higuita lilikuwa la kujitakia, na lile la Andrés lilikuwa la mutu aliyefanya kazi yake. Basi kwa nini mumoja aliishi na mwingine akafa? Si juu ya mupira. Ni juu ya watu waliokuwa pembeni ya tereni: feza walizoweka, chuki waliyozoea, bastola kwenye mifuko. Goli halikumuua Andrés. Aliuawa na watu waliokubali kwamba mutu mumoja abebe hasira ya inchi muzima.

Katika mashindano yetu ya darasa kwa darasa hakuna bastola, Mungu ashukuriwe. Lakini maneno tunayo. Mufungaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, tunamubeba kwenye mabega. Mulinzi akizuia mara tisa na kukosa mara moja, tunamutukana mupaka kwenye bweni, na wiki nzima hakuna anayekaa karibu naye mezani. Tunaanza vile: tunachagua mutu mumoja wa kubeba aibu ya wote kumi na moja. Wale wa Medellín nao walianza kwa maneno.

Na kwa yule aliyekosa, awe kwenye tereni, awe mbele ya ubao, awe na karatasi ya mutihani mukononi, maisha ya Andrés yana neno pia. Alisema kosa ni lake, hakutafuta wa kumulaumu, akarudi kati ya watu wake na uso wazi. Kusema kweli, alilipa bei ambayo hakuna mutu anayepaswa kulipa. Lakini ujasiri ule haukuwa upumbavu. Upumbavu ulikuwa wa wale waliokuwa wakimungojea.

Kwa hiyo, tukitaja jina la Andrés Escobar, tutaje goli la Wembley, tutaje penalti ya Bogotá, tutaje miaka yote aliyocheza bila kuumiza mutu. Kisha ndipo tutaje dakika ya 35. Tukifuata utaratibu huo tutakuwa tumemuhesabia kwa haki.