Oskar Barnack: fundi mugonjwa aliyefanya apareyi ya foto kuwa ndogo

Mbele simu hazijaanza kupiga picha, studio za Bukavu, Goma ao Kisangani zilitumia filme ya picha 36. Kipimo cha kila picha kwenye filme ile kilikuwa milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho kilienea duniani kupitia kazi ya fundi mumoja wa Ujerumani, Oskar Barnack, mutu aliyeteswa na pumzi karibu maisha yake yote.

Barnack alizaliwa tarehe 1 mwezi wa 11, mwaka wa 1879, katika kijiji cha Lynow, upande wa kusini wa Berlin. Akiwa kijana alijifunza ufundi wa vyombo vidogo vidogo, kisha akazunguka miji akitafuta kazi, sawa mafundi wa wakati ule walivyofanya. Mwaka wa 1902 aliingia kampuni ya Zeiss, muji wa Jena, fasi wanatengeneza vioo vya mikroskopi na darubini.

Siku za mapumziko alipenda kutembea kwenye misitu ya Thüringen na kupiga picha. Lakini apareyi za wakati ule zilikuwa muzigo. Picha moja ilihitaji sahani moja ya kioo, na sanduku la sahani lilibebwa mugongoni. Kwa mutu mwenye asma, kila kilima kilikuwa azabu. Ndiyo hapo wazo likaanza: kupiga picha ndogo, kisha kuikuza kwenye karatasi.

Rafiki yake Emil Mechau alimwita aje kufanya kazi kwenye kampuni ya Leitz, muji wa Wetzlar. Barnack alisitasita juu ya ugonjwa. Mutu anayekosa kazi kila mara anaogopa kuanza fasi mpya. Mwisho alikubali, na mwaka wa 1911 akahamia Wetzlar. Kufikia 1914 alikuwa na apareyi ndogo ya chuma inayoingia mufukoni. Alitumia filme ya sinema, akaongeza picha mara mbili kwa ukubwa, ikawa milimita 24 kwa 36. Mwaka wa 1920, muji ulipojaa maji ya mafuriko, Barnack alitembea barabarani akipiga picha na apareyi yake.

Vita na shida ya feza vilichelewesha kila kitu. Mwaka wa 1924 mukubwa wa kampuni, Ernst Leitz wa pili, alipaswa kuamua. Watu wake wengine walikuwa na mashaka: nani atanunua kitu kidogo hivi, na kama hakiuziki, wafanyakazi watakula nini? Leitz akaamua kujaribu. Mwaka wa 1925 apareyi ilionyeshwa kwenye soko kubwa la Leipzig, kwa jina Leica, lenzi ikiwa kazi ya Max Berek.

Lakini kulibakia shida moja: macho. Leica ya kwanza haikupima umbali. Mupiga picha alikisia mita kwa macho, ao alipachika kipimo cha pembeni juu ya apareyi. Akikosea, sura ya mutu inatoka na ukungu. Mwaka wa 1932 Leica II ikaleta jibu. Tudirisha tuwili tunaangalia mutu mumoja kutoka pembe mbili. Jicho linaona sura mbili, na mukono unazungusha lenzi mupaka sura zile zinalala moja juu ya ingine. Mwaka wa 1933, Leica III ikakuza sura ile mara moja na nusu, ikapewa pia namna ya kuirekebisha kulingana na jicho la mutu. Mwenye macho mabovu naye alifikiriwa.

Barnack alikufa tarehe 16 mwezi wa 1, mwaka wa 1936, akiwa na miaka 56. Hakuona Leica M3 ya 1954, iliyounganisha kadirisha ka kupimia na kadirisha ka kuangalilia.

Wenye kutumia apareyi za ginsi hii mupaka leo wanabakia na uchaguzi wa namna mbili. Wa kwanza ni kioo cha kurekebisha macho, kinachofungwa kwenye kadirisha. Katika Leica za aina ya M, sura inaonekana kama iko mita mbili mbele. Kwa hiyo muzee anayevaa miwani ya kusoma tu, lakini anaona mbali vizuri, mara nyingi hahitaji kioo. Asiyeona mbali ndiye anakihitaji. Njia rahisi ya kujua: kuangalia ndani ukiwa na miwani ya mbali, kisha bila miwani. Kama tofauti ni kubwa, kioo kitasaidia. Wa pili ni kioo cha kukuza, mara 1.25 ao 1.4. Kinasaidia sana na lenzi za mbali, ambazo hazisamehe kosa. Lakini kinakata pembeni, na mwenye lenzi pana hataona picha yote. Na kama jicho halijarekebishwa, kinakuza ukungu tu. Kwa hiyo macho yapimwe kwanza, kukuza kunakuja nyuma.