Horst Feistel: Alianza kama mtu wa kushukiwa, akaishia kutunza siri za benki

Kabla ya Marekani kumkabidhi siri zake, Horst Feistel alikuwa hawezi hata kusafiri bila kujieleza.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, Januari 30, 1915. Mwaka 1934, Hitler akiwa ameshashika madaraka, kijana huyo alihamia Marekani. Akasoma fizikia MIT, kisha Harvard. Vita vilipoikuta Marekani, mtu mwenye asili ya Ujerumani alitazamwa kwa jicho jingine. Inasimuliwa kwamba alitakiwa kubaki Boston, na hata akienda New York kumuona mama yake ilibidi atoe taarifa.

Halafu mambo yakageuka ghafla. Januari 31, 1944 akapewa uraia. Kesho yake tu akapata kibali cha kushika siri za serikali!

Akaingia kwenye utafiti wa jeshi la anga, akishughulikia namna ya kutambua kwa redio kama ndege inayokuja ni ya rafiki au ya adui. Hapo ishara lazima ifungwe kwa fumbo, la sivyo adui ataiiga.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akajiunga na IBM, na huko ndiko jina lake lilikotokea.

Wazo lake ni hili. Data inakatwa nusu mbili. Nusu moja inavurugwa kwa kutumia ufunguo, matokeo yanachanganywa na nusu ya pili, kisha nusu zinabadilishana nafasi. Unarudia hivyo mara nyingi. Utamu uko kwenye kufungua: hatua ni zile zile, ila funguo unazianza za mwisho kwenda za mwanzo. Yaani chipu moja inafunga na kufungua, haihitaji mtambo wa pili. Kwa kifaa kidogo chenye betri ndogo, hiyo ni nafuu kubwa.

Mfumo wake wa kwanza uliitwa Lucifer. Benki ya Lloyds ya Uingereza ikautumia kwenye mashine za kutolea fedha.

Mwaka 1977 serikali ya Marekani ikatangaza DES, kiwango cha taifa kilichotokana na Lucifer baada ya wataalamu wengine wa IBM kuufanyia kazi. Lakini kuna jambo lilizua kelele. Lucifer ulikuwa na toleo la ufunguo wa biti 128, DES ikabaki na 56, na shirika la ujasusi la NSA lilihusika katika mashauriano. Wasomi Diffie na Hellman walilalamika mapema kwamba ufunguo huo ni mfupi mno.

Walikuwa sahihi. Mwaka 1998 mashine maalumu iliyojengwa na shirika la EFF iliutafuta ufunguo wa DES na kuupata ndani ya siku tatu. Feistel hakuyaona hayo, alifariki Novemba 1990.

Kilichoshindwa hapo ni urefu wa ufunguo, mtindo wenyewe haukuguswa. Mwaka 1994 Wheeler na Needham wa Cambridge waliutumia kutengeneza TEA, mfumo wa mistari michache tu ya programu. Simu za 3G zikaja na KASUMI, mtindo ule ule.

Na mwaka 2013 NSA yenyewe ikachapisha Simon, mfumo mwepesi kwa ajili ya vifaa vidogo kama vihisio. Ukiufungua ndani, unakuta nusu mbili zinazobadilishana nafasi.